Udongo Hautaki Maneno

Geita, kambi ya mgodi, laini ya mafundi
Jumamosi, baada ya chakula cha mchana

Dada yangu Mwajuma,

Shikamoo dada. Unaamkaje huko Tabora? Magoti yako je, yale ya masika, na shemeji kifua chake? Na kuku, maana mara ya mwisho ulisema wamekufa wote umebaki na jogoo mmoja mwenye kiburi. Mimi ni mzima. Baba Saidi ni mzima, anakula, anakoroma, anagombana na msumeno wake. Bado anakata yale magogo ya kushikilia mwamba chini ya shimo, na bado anasema hakuna fundi mwingine hapa anayejua mti.

Leo naandika mwenyewe kwa kalamu ya risasi. Ile barua ya kwanza nilimwandikisha karani wa laini, na kabla haijavuka ziwa kambi nzima ilishajua ninalia. Mwandiko wangu unaujua, niliacha darasa la pili, unapanda mlima unashuka. Soma polepole, ukikwama shemeji atakusaidia, ila pale kwenye habari za mkwe usimpe asome.

Nianze na jambo lenyewe nisije nikalipoteza katikati ya maneno. Usimtume kaka Ramadhani kuja kunichukua. Uliandika kwamba atakuja akishavuna mpunga. Kama ameshafunga mzigo, aufungue. Ile barua niliyosema nataka kurudi nyumbani, sikukudanganya, nilikuwa nataka. Sasa sitaki tena. Ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana ukiniona nabadilika hivi utasema nimelogwa.

Tatu tulimwoza Mfunguo Mosi, baada ya Idi, hilo unalijua. Siku waliyomchukua kwa lori kwenda Nyarugusu nilicheza ngoma mpaka vumbi likanijaa puani. Nikamshukuru Mungu, kitindamimba ametoka kwa heshima. Hadija yuko huko huko kwako kwa mumewe, unamwona kuliko mimi, Saidi yuko Mwanza anajifunza udresa wa hospitali, na sasa Tatu. Kazi imekwisha, nikasema. Asubuhi yake nikaamka nikapika uji wa watu watano. Nikamimina, nikaita, "Tatu, uji unapoa." Baba Saidi akaniangalia juu ya bakuli lake. Akanywa lake, akanywa la Tatu, akanywa na lililobaki, yote hayo ni kunionea huruma, akaenda kazini anatembea kama mja mzito. Kesho yake hivyo hivyo. Siku ya tatu akasema, "Mama Saidi, nakupenda, lakini uji huu utaniua."

Basi nikawa sina la kufanya. Nyumba yenyewe ya mgodi ni vyumba viwili, jua halijakaa sawa umeshamaliza kufagia. Nikafagia tena. Na mimi unanijua, mikono ikikosa kazi mdomo ndio unafanya kazi. Nikawa nazunguka laini nzima, nyumba kwa nyumba, nani kagombana na nani, nani kanunuliwa kanga na nani kanunuliwa maneno. Zamani walinikaribisha, kwa kuwa nilikuwa nakaa kidogo nakimbilia watoto wangu. Sasa nilikuwa siondoki. Nikiingia kwa mtu namwogesha mtoto wake, namlisha, namkata kucha. Siku moja nimempakata yule mdogo wa Mama Stefano, huyu jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, Msukuma, Mkristo, tunapendana kama ndugu. Namsugua masikio. Mama Stefano akaja, akamtoa mikononi mwangu taratibu, akasema, "Mama Saidi, huyu ana mama."

Hakusema kwa ubaya. Angesema kwa ubaya ningemjibu.

Siku ya kumi na mbili nikafunga safari kwenda Nyarugusu. Hakuna aliyeniita. Nilisema nampelekea Tatu ungo wake aliosahau. Najua hapo unashika kichwa. Mama mkwe hapeleki miguu kwa mkwe bila kuitwa, na wewe na mimi tumelelewa na bibi mmoja, alitufundisha pamoja. Sasa mkwe mwenyewe, Hamisi, ni kijana wa kwetu, fundi cherehani, ana adabu zote za Unyanyembe. Alipoisikia sauti yangu mlangoni, na sauti yangu haihitaji kusogea karibu, akatoka kwa dirisha la nyuma, utepe wa kupimia bado uko shingoni. Hakurudi. Nyumba ni chumba kimoja, angeingia wapi tusionane uso? Akawa analala dukani juu ya meza ya kukatia nguo. Mimi nikajifanya sijui. Nikapika, nikafua, nikapanga vyombo vya Tatu upya kama ninavyotaka mimi. Siku ya nne Tatu akaja akakaa mbele yangu mkekani.

"Mama, Hamisi analala juu ya meza."

"Mgongo wa kijana hauumwi," nikamwambia.

"Mama, unaondoka lini?"

Nikaondoka siku ile ile. Lori zima sikusema neno, na dereva ananifahamu, akaniuliza kama nimefiwa.

Nilipofika nikalala. Sikuwa na homa. Dresa wa mgodi akanipa vidonge vyeupe, nikameza, nikaendelea kulala na kaniki usoni. Ndipo nilipomwita karani nikakuandikia vile. Jibu lako lilipokuja kwamba kaka atakuja kunichukua, Baba Saidi akasomewa, akasema ni sawa, labda Tabora patakuponya, mimi nitakufuata mkataba ukiisha. Mkataba wenyewe una miaka miwili bado. Alisema huku anachonga kijiti, haniangalii. Dada, tangu anioe hatujakaa mbali ila siku za uzazi. Nikaona kumbe nimebakiza mtu mmoja tu, na huyo naye namwacha kwa miguu yangu. Lakini nikabaki hapo hapo kitandani. Nilikuwa sioni nitakaa hapa nifanye nini.

Sasa, hapa gulioni siku ya mshahara hushuka mama mmoja mfinyanzi, anatoka kijiji cha ng'ambo ya bonde. Wanamwita Mayu Kabula, mayu ni mama kwa Kisukuma. Mzee, mrefu, nyonga moja inamuuma, akitembea utadhani anavuka mto wenye mawe. Mtungi wetu ulikuwa umepasuka, Baba Saidi akanitoa kitandani, akasema maji ya kwenye debe yana ladha ya bati. Nikaenda. Nikamkuta Mayu Kabula hana mteja, watu wote wako kwa Mhindi kwenye sufuria. Nikakaa. Nikazungumza mpaka gulio likavunjika. Kiswahili chake ni kidogo, ananisikiliza tu, mara moja moja anacheka pasipochekesha. Mwisho akajaribu kunyanyua tenga lake, nyonga ikagoma. Akaniangalia.

"Wewe una mikono mizima na mdomo mzima," akasema. "Mikono naitaka."

Ana mabinti wanne, wote wameolewa mbali, hakuna hata mmoja aliyetaka udongo. Nikambebea mzigo mpaka kwake. Kesho yake nikaenda tena, asubuhi na mapema. Nisikudanganye, sikwenda kujifunza ufinyanzi. Nilikwenda kwa sababu nimempata mtu mwenye masikio asiyenifukuza.

Njia nzima nikaongea. Tulipofika ukingoni mwa bonde panapochimbwa udongo wa kinamo, akavua ndara zake, akageuka, akaweka kidole mdomoni. Hapa hakuna neno. Tangu jembe linaingia mpaka udongo ufunikwe nyumbani kwake, mtu asiseme. Udongo ukisikia maneno unayameza, ukifika motoni unayatapika, chungu kinapasuka. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na mama yake na mama yake. Nikaitikia kwa kichwa. Moyoni nikasema, hili nalo ni jambo?

Dada, ni jambo. Nilichimba kidogo tu maneno yakajaa mdomoni. Ndege akilia nataka kumjibu. Nikavumilia, nikajaza kikapu, nikaanza cha pili, naona nimeshashinda. Akapita mwanamke mmoja kijana na mtungi wa maji kichwani. Akapiga goti vizuri, kama alivyofunzwa kwao, "Shikamoo mama."

Wewe ungefanyaje? Shikamoo ya mtu huiachi chini. Asiyeitikia ni kama amemtemea mate mzazi wa mtu. "Marahaba mwanangu," nikasema, "hujambo, watoto hawajambo, na mumeo, na huko kwenu mvua imenyesha?" Nimefika kwenye ng'ombe ndipo nikageuka nikamwona Mayu Kabula amesimama. Hakugomba. Akachukua kikapu changu akakimwaga. Akachukua chake, na kile nilichokuwa nimeshajaza, akavimwaga. Asubuhi nzima ikarudi shimoni. Akatangulia anachechemea, mimi nyuma kama mbuzi aliyekula mbegu. Mpaka tumeingia uani kwake ndipo akasema.

"Kinywa chako hakina mlango. Rudi kwa mume wako."

Nikarudi. Nikamweleza Baba Saidi, yeye anakula, akasema, "Afadhali. Mke wa fundi wa mgodi kuchimba ardhi kama mhanga wa porini, watu wangesema simlishi."

Hiyo afadhali yake, dada, ilinipanda kichwani. Nikamwambia mhanga ni yeye, anaingia shimoni kila siku. Tukagombana mpaka Mama Stefano akagonga ukuta. Nilikuwa sijagombana na mtu tangu Tatu aondoke. Nilipomaliza nikajisikia nina njaa.

Asubuhi nikachukua kitambaa, nikajifunga taya mpaka utosini, nikakaza fundo, kama mtu anayeumwa jino. Mtu anayeumwa jino hasalimiwi, anapewa pole, na pole unaitikia kwa kichwa. Nikaenda mpaka uani kwa Mayu Kabula nikasimama. Akanizunguka kama anakagua ndama. Akachukua jembe.

Wakapita watano. Pole mama, pole mama, nami natikisa kichwa. Karibu tunamaliza namwona Mama Stefano anatelemka, ametoka kwao kijijini, anakuja mbio mbio na uso wa mtu mwenye habari.

"Mama Saidi, jino limekuanza lini? Basi nisikilize tu. Yule karani wa laini, si alikuwa anajidai mkewe yuko Bukoba? Mke kaja. Na hakuja peke yake."

Akasubiri niulize kaja na nani. Mimi nimeshika jembe, macho yananitoka. Hakuja peke yake kaja na nani, dada? Ulimi unagonga meno. Na Mayu Kabula ananiangalia, sikio lake lote liko kwangu.

"Kweli jino linakuuma," Mama Stefano akasema, akaenda zake na habari yake.

Udongo ule tuliufikisha. Tulipoufunika kwa majani ya mgomba nikafungua kitambaa nikasema mfululizo mpaka koo likakauka, Mayu Kabula kakaa chini anacheka amejishika nyonga. Narudi kambini namkuta Baba Saidi mlangoni na karafuu mkononi na chupa ya dawa ya dresa. Laini nzima wamempa pole ya jino la mkewe. Msimamizi wake mwenyewe amemwachia atoke mapema. Nikamweleza ukweli. Alicheka akaketi chini, ile karafuu akaitafuna yeye. (Mke wa karani alikuja na mama mkwe na watoto watatu ambao karani hakuwahi kuwataja. Nilikwenda kuwasalimia mwenyewe.)

Tangu siku ile ni miezi mitatu. Kazi yenyewe ngumu. Unakanda udongo kama unga wa chapati, unachanganya na vigae vilivyotwangwa, halafu unapandisha ukuta kidogo kidogo kwa vidole, na ukiharakisha unakaa chini kama mlevi. Changu cha kwanza Mayu Kabula alikiangalia akauliza kama ni kofia. Cha pili kilipasuka, cha tatu kikapasuka. Cha nne kilitoka kimepinda shingo, ndicho tunachonywea maji sasa, na mgeni akija Baba Saidi anampa maji kutoka humo halafu anasubiri aulizwe nani kakifinyanga. Amenichongea vibao vitatu vya kulainishia kwa mti wa mninga. Chumba cha Tatu kimejaa vyungu vinakauka kivulini, nimevipanga kwa mistari. Nikipita naingia, navigeuza kimoja kimoja. Watoto wa laini wanakuja wenyewe kuomba udongo wa kuchezea, na mama zao wanawafuata, wanakaa. Mama Stefano ndiye anayekaa zaidi. Juzi aliniletea yule mdogo bila kuambiwa, akasema, "Mshike kidogo, nina nguo za kufua." Nikamwambia mikono yangu ina udongo, amlaze pale kwenye mkeka.

Sasa sikiliza lililonifanya nichukue kalamu.

Jumatano nimekaa uani namalizia mdomo wa mtungi, namwona mtu nje ya uzio na baiskeli. Amesimama ametugeuzia mgongo, anaangalia mlima. Hamisi. Amekuja kutoka Nyarugusu kwa baiskeli, shati limeganda mgongoni. Nami nikageukia ukuta. Mama Stefano akasimama katikati kuwa mdomo wetu, ingawa kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri.

"Mwambie mama mkwe shikamoo," anasema Hamisi kwa mlima.

"Marahaba. Muulize Tatu hajambo?"

"Hajambo, ila ana mimba ya miezi mitano, anamlilia mama yake. Amesema mama aje leo. Mimi nitalala dukani, nimeshatengeneza kitanda."

Nilisikia kila kitu mwilini kinasimama kwenda kutafuta kanga ya safari. Nikauliza, "Anaumwa? Anatapika? Miguu imevimba?"

"Haumwi popote. Anamtaka tu."

Nikaangalia mikono yangu. Kesho yake Alhamisi ilikuwa siku ya kuchoma. Vyungu kumi na vinne, vyangu saba, vya Mayu Kabula saba, kinyesi cha ng'ombe kimekauka, nyasi zimekatwa, mawingu yanakusanyika upande wa ziwa, na yule mzee peke yake haviwezi. Nikasikia mdomo unasema, na sikuusukuma.

"Mwambie nitakuja Jumapili. Kesho nachoma vyungu."

Mama Stefano akanitazama. "Nimwambie hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo."

Hamisi naye akasema, "Tatu aliniambia nishike baiskeli vizuri, maana mama atapanda kabla sijasimama." Nikamwona mabega yanatikisika, anacheka, mkwe wangu, kwa adabu zote. Nikampa Mama Stefano uji ampelekee anywe, na michembe kidogo ya viazi vitamu ale njiani, akaenda.

Nilikaa nikisubiri nilie, dada. Nilikaa hasa. Kilio hakikuja. Kilichokuja ni kuona kwamba mtungi unakauka mdomo na sijaulainisha.

Alhamisi tukachoma. Tulivipanga kifudifudi, tukafunika kinyesi na nyasi, tukatia moto, tukakaa upande wa upepo. Hapo kuongea ruhusa, lakini mimi sikuongea, nasikiliza kama kitu kitalia. Kikalia, pu. Nikasema changu hicho. Moto ulipolala Mayu Kabula akakivuta kwa fimbo. Kilikuwa chake yeye, chungu kikubwa kuliko vyote. Akakigeuzageuza kigae, akasema kwa Kisukuma maneno ambayo baadaye Mama Stefano alikataa kunitafsiria. Vyangu saba vyote vimetoka vizima, vyekundu, ukivigonga vinaitika. Mvua ikaja tumeshavifikisha ndani.

Kesho asubuhi naondoka na lori, nampelekea Tatu kimoja cha kupikia. Nitakaa siku sita, kijana asivunjike mgongo, halafu narudi, maana Mayu Kabula ananisubiri bondeni. Mimba ikikaribia Tatu atakuja kuzaa hapa kwangu, mtoto wa kwanza huzaliwa kwa bibi yake. Vyungu nitavisogeza.

Nisalimie kaka Ramadhani, mwambie sijamkataa yeye, nimekataa safari. Mpunga wake ale na wanawe. Nisalimie shangazi, mwambie magome aliyonitumia ya kunitibu nimempa mbuzi wa jirani akapona. Nisalimie sana mwanangu Hadija, asome hii barua na yeye, ajue mama yake hafi. Shemeji mpe pole ya kifua. Wa mtaani wote wape salamu, yule mke wa muuza mafuta mpe nusu.

Baba Saidi amekaa hapa anachonga, ameniuliza naandika nini tangu adhuhuri. Nimemwambia namjulisha dada kwamba nabaki hapa na wewe. Akaupuliza vumbi mpini wa jembe anaouchonga.

"Hilo ni neno moja," akasema. "Karatasi yote hiyo ya nini?"

Mdogo wako wa tumbo moja,
Zuhura, Mama Saidi